Divai ya Milango Miwili

Mke wangu Zelinda hapendi kusifiwa, kwa hiyo nitaanza na kasoro zake. Ulimi wake ni mkavu. Kichekesho cha mtu hakicheki mpaka akipime kwanza, na akishakipima mara nyingi hakitoshi. Siku ya kwanza aliponitia machoni nilikuwa nimesimama mbele ya ghala lao la divai, hapa Poggiolungo, msumeno begani na kofia mkononi. Hakunisalimu. Aliniuliza, "Wewe ndiye mchinjaji?"

Mimi ni Ivo, fundi wa mapipa, mwana wa fundi wa mapipa, kutoka kule bondeni karibu na mto Arno. Na kweli nilikuwa nimeitwa kuchinja. Ghalani mwao mlikuwa na pipa moja la mbao ngumu, la kumtosha mtu kusimama ndani na kofia yake kichwani. Kaka zake wawili walitaka nilifumue, mbao zake niwatengenezee mapipa mawili madogo yanayolingana. Niliwaambia pipa halikatwi kama mkate. Nello, yule mkubwa, akajibu kwa upole kwamba hilo analijua. Ottorino, yule mdogo, akasema kama sitaki kazi niseme, mafundi wako wengi. Niliitaka kazi. Na baada ya lile swali la mchinjaji niliitaka zaidi, kazi ya wiki mbili nikaifanya kwa wiki tano.

Ugomvi wao sina budi kuueleza, maana bila huo hakuna cha kusimulia. Baba yao, mzee Amerigo, alikuwa na mizabibu mahali pawili. Juu, kwenye mteremko wa mawe, alipanda sangiovese, zabibu ambayo ikiachwa peke yake ina uchachu, ina ukakasi, na haina haraka ya kumpenda mtu. Chini, karibu na kijito, alipanda canaiolo, ambayo ni laini na hunukia, pamoja na safu tatu za colorino, zabibu yenye kazi moja tu ya kutia rangi. Ukiichuma hiyo, mikono inakaa myeusi wiki nzima. Huko huko chini alichomeka mizabibu michache myeupe kwa ajili ya harufu. Kila mwaka zote ziliingia kwenye lile pipa moja.

Divai iliyotoka humo niliionja mara moja tu, nusu glasi iliyobaki chini kabla sijaanza kufumua mbao. Ilikuwa kavu kabisa, hakuna chembe ya sukari. Funda la kwanza lilinikunja uso. Zelinda akanitazama, akaniletea kipande cha mkate na soseji ya nguruwe, akasema, "Hiyo si ya kunywewa wima kama farasi. Kaa chini, ule." Nikakaa, nikala, nikanywa tena. Ilinisafisha kinywa nikataka tonge jingine, na tonge likataka funda jingine. Ilinukia cheri zilizoiva, na nyuma ya cheri kulikuwa na kitu kama ngozi ya kiatu kipya. Sisi mafundi wa mapipa tumeonja divai nyingi kuliko maaskofu, na sikuwahi kuonja nyingine ya namna ile. Kesho yake nikalifumua pipa. Naona aibu hadi leo.

Mzee Amerigo alikufa mwezi wa Agosti, wiki sita kabla ya mavuno. Yeye ndiye aliyekuwa akiamua siku ya kuchuma. Zabibu za chini huiva mapema, za juu huchelewa, na yeye aliijua ile siku ya katikati ambayo zote zingevumilia. Mwaka ule hakukuwa na mtu wa kuijua. Ottorino alitaka kuchuma mara moja, Nello alitaka kungoja. Basi Ottorino akachuma za chini. Nello akangoja za juu, na siku ya tatu ikashuka mvua ya mawe iliyomwachia nusu. Nello alisimama uani akitazama majani yaliyotobolewa. Ottorino akaja nyuma yake, akasema, "Nilikwambia."

Neno lilikuwa hilo tu. Hawakusemezana tena kwa miaka tisa. Akaitwa mpima ardhi na kamba yake, kila mmoja akapata pale alipochuma. Nyumba ya mawe ikatobolewa mlango wa pili. Mimi nikaitwa na msumeno wangu. Jiko likabaki katikati kwa sababu hakuna aliyejua kuligawa, na Zelinda akabaki humo. Hakuna mwanamke aliyekubali kuolewa na mmoja wao, na mimi siwalaumu: nani ataingia nyumba yenye milango miwili na mdomo mmoja? Mdomo huo ulikuwa wa Zelinda.

Nilikula kwao mara ya kwanza katika zile wiki tano. Mkate wetu hauna chumvi, kwa hiyo chumvi ni jambo kubwa mezani. Nello akasema, "Zelinda, mwambie ndugu yako anisogezee chumvi." Chumvi ilikuwa mbele ya Ottorino, na Ottorino alikuwa umbali wa mkono. Hakutikisika. Alikuwa akitafuna maharage yake huku akingoja.

"Ottorino, chumvi," Zelinda akasema.

Ottorino akaisogeza. "Mwambie asiimalize."

"Nello, usiimalize."

"Mwambie yangu ni ya kidole kimoja tu. Yeye ndiye humwaga."

"Kuleni," Zelinda akasema, akageukia jiko lake.

Mimi nilicheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Baadaye alinifuata ghalani, akasimama mbele yangu na aproni yake, akaniambia, "Fundi, ukicheka tena mezani kwangu utakula nje na kuku." Nilikuwa na miaka arobaini, nimepita vitani, nimelala na njaa katika nchi tatu, na sikuwahi kuogopa mtu hivyo wala kumpenda mtu hivyo kwa siku moja.

Mama yao alifariki Zelinda akiwa na miaka kumi na mmoja. Mtoto huyo alipanda juu ya kigoda akakoroga uji wa mahindi wa wanaume watatu, na tangu hapo hakushuka. Baba hakuwa na wa kumwachia, kwa hiyo alikwenda naye ghalani. Kaka zake walibeba makapu, yeye alishika kikombe. Mzee alimpa anuse, akamuuliza, "Bado, au sasa?" Mwanzoni ilikuwa mchezo wa kumtuliza mtoto. Alipofika miaka ishirini hakuna divai iliyotoka katika nyumba ile kabla Zelinda hajasema "sasa". Hakuna aliyemsifu kwa hilo. Mzee Amerigo naye alikuwa mkavu.

Watu husema mtu hufanana na divai yake. Hayo ni maneno ya walevi. Nello alikuwa mnene, mpole, mtu wa kumwomba paka radhi akimkanyaga mkia, na divai yake ya mlimani ilikuwa kali, yenye kuukwangua ulimi. Ottorino alikuwa mwembamba mwenye maneno ya kuchoma, na divai yake ilikuwa laini, nyeusi, yenye harufu ya kubembeleza. Lakini ukishaimeza imekwisha, na Juni ikifika na joto lake ilichoka kabisa. Ya mmoja ilikuwa mifupa mitupu, ya mwingine haikuwa na mfupa hata mmoja. Si kwamba zilikuwa mbaya. Wanunuzi walikuja, wakanunua, wakaenda zao. Ila hakuna aliyerudi kusema, "Nipe ile ile."

Na kulikuwa na jambo la Novemba. Hapa kwetu, wakati wa mavuno, makapu machache ya canaiolo hayaendi pipani. Zabibu zake hutandazwa juu ya mikeka darini zinyauke taratibu. Novemba, divai ikishatulia pipani, zile zilizosinyaa hupondwa na kutiwa humo, na divai huamka tena, ikachemka kidogo kidogo bila moto wakati wote wa baridi. Tunaita kuitawala divai. Divai kali ikitawaliwa hubaki kavu, na msimamo wake hauuachi, ila huacha kugombana na mnywaji. Sasa, zabibu za mteremko wa juu hazikufaa kwa kazi hiyo, ziliota ukungu. Kwa hiyo Nello alikuwa na divai ya kutawaliwa na hana cha kuitawalia. Ottorino alikuwa na zabibu za kutawalia, na divai yake laini haikuzihitaji.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nami nikashika jembe langu. Nilipanga karakana kijijini, nusu saa kwa miguu kutoka kwao, na kila vuli nilipanda kwenda kukaza pete za yale mapipa mawili hata kama hazikulegea. Mwaka wa tatu nilimwomba Zelinda tuoane. Alikuwa akichambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Nikiondoka, nani atasema kati yao?"

"Ni watu wazima, Zelinda. Watasema wenyewe."

"Majira ya baridi yaliyopita Nello alishikwa na homa ya mapafu. Nani alimwambia Ottorino?"

"Wewe."

"Ottorino akapanda baiskeli kwenye theluji, akamleta daktari. Akasimama nje ya mlango wa Nello, hakuingia. Akaniambia, mwambie daktari amefika. Sasa kama nisingekuwepo?"

"Basi nitahamia mimi hapa kwenu."

"Ukae upande wa nani?" akauliza.

Niliomba tena mwaka wa nne, wa tano na wa saba. Wa sita niliacha kwa hasira, nikajuta. Jibu lilikuwa lile lile, na kila mara alinipa chakula kizuri baada yake, kana kwamba tumbo ndilo lililoposa.

Mwisho aliyechoka alikuwa mama yangu, Mama Fosca, miaka sabini na minane, mjane, mwenye magoti mabovu na sauti nzima. "Mwanangu," aliniambia, "subira huvuta heri, lakini wewe umeivuta mpaka kamba imekatika. Mwambie nakuja kula kwao."

Maneno hayo ni mazito huku kwetu. Posa haihesabiwi mpaka mama wa mwanamume ale nyumbani kwa mwanamke, na divai ya mezani sharti iwe ya nyumba hiyo. Na divai ndiyo iliyokuwa shida. Katika miaka ile tisa, kila sikukuu, Nello alileta mezani chupa yake iliyovikwa majani, Ottorino akaleta yake, na zote mbili zikasimama pale zimezibwa, kwa sababu ambaye yake ingefunguliwa ya pili angeinuka aende zake. Pasaka, katika nyumba ya wakulima wa zabibu, walikunywa maji. Padri alipokuja kubariki nyumba alidhani wana nadhiri.

Nilimpelekea Zelinda ujumbe wa mama. "Aje," akasema. "Jumapili ya kwanza ya Mei. Wakikaa mezani mpaka mwisho, wote wawili, nitakujibu. Mmoja wao akiinuka mbele ya mama yako, basi, Ivo, usiniulize tena. Na wewe utafute mke, bado una meno."

Jumamosi yake nilimkuta jikoni. Alikuwa amemwomba kila mmoja mtungi wa divai, na kila mmoja alidhani ni yake peke yake itakayonywewa. Alikaa dirishani penye mwanga, kikombe kimoja cha kupimia, bakuli, glasi moja, mkate kando. Alitia bakulini vikombe sita vya Nello, vinne vya Ottorino. Akanusa, akaonja, akatema. "Imelegea." Akatia saba na vitatu. Akang'ata mkate, akaonja. "Bado." Akatia saba na viwili na nusu, akanusa muda mrefu macho yakiwa yamefumba, akanipa mimi.

Nilikunywa. Cheri ilikuwepo. Ukakasi ulikuwepo, umekaa mahali pake. "Ndiyo hii," nikasema.

"Siyo. Imekaribia. Hii imechanganywa ikiwa imeshakufa, haikuchemka pamoja." Akaipangusa glasi. "Ni kama baba yuko chumba cha pili na mlango umefungwa."

"Mama yangu hatajua."

"Mama yako simwogopi. Watajua wale wawili."

"Sasa kwa nini unawapa?"

Akaimimina kwenye jagi la udongo na kulifunika kwa kitambaa.

Jumapili nilimbeba mama kwa gari la kuazima. Zelinda alikuwa ameandaa mikate ya kuoka iliyopakwa maini, tambi pana kwa mchuzi wa sungura wa porini, na mgongo wa nguruwe uliochomwa kwa vitunguu saumu na majani ya rosmarini. Nello alikuja kupitia mlango wake, amebanwa na koti la mazishi ya baba yake. Ottorino alikuja kupitia wake, amenyoa mpaka amejikata. Wakamsalimu mama kwa heshima, mmoja baada ya mwingine, wakaketi pande mbili za meza. Wakalitazama lile jagi.

"Zelinda," Ottorino akasema, "divai iko wapi?"

"Ndani ya jagi."

"Ya nani?"

"Ya nyumba. Karibu, mama, anza wewe, wewe ndiye mgeni."

Akammiminia mama, akanimiminia mimi, kisha Nello na Ottorino kwa pamoja, glasi mbili zimeshikwa kwa mkono mmoja, ili asiwepo wa kwanza. Mama alinusa, akanywa, akala maini, akanywa tena. "Divai nzuri," akasema. "Inamshika mtu bila kumbana. Nani ameitengeneza?"

Nello alikuwa amekunywa funda moja na kubaki ameshika glasi hewani. Ottorino alikuwa ameiweka yake mezani na kuizungusha kwa vidole viwili. Nello akanywa la pili. Uso wake mwekundu ukabadilika, akasema taratibu, "Zelinda, mwambie ndugu yako—"

"Leo sisemi," Zelinda akasema.

"Husemi nini?"

"Sisemi cha mtu. Miaka tisa nimekuwa mdomo wa watu wawili, wangu mwenyewe sijapata nafasi ya kuutumia. Leo nina mgeni. Mwenye neno amwambie mwenye masikio."

Akasimama pale na kijiko cha kupakulia. Nello akaweka viganja vyake ukingoni mwa meza, kama afanyavyo mtu mnene anayetaka kuinuka. Ottorino akageuza shingo akatazama mlango, ule wa upande wake. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa na nilijua kwamba mmoja wao akisimama, mimi nitazeeka peke yangu bondeni na msumeno wangu. Vitani sikuogopa hivyo. Mama naye aliacha kutafuna.

Ottorino akairudia glasi yake. Akanywa, akakunja mdomo, akaiambia ile glasi, "Siyo yenyewe."

Nello akaondoa viganja vyake mezani.

"Hata kidogo," Nello akasema.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyopeana baada ya miaka tisa, na yalikuwa ya kukubaliana kwamba dada yao ameharibu divai. Nikamtazama Zelinda. Alikuwa amekishika kile kijiko kwa mikono miwili.

"Mimi naiona nzuri," mama akasema.

"Samahani, mama," Nello akamwambia, "ni nzuri kwa mtu ambaye hakumjua baba."

"Imelala," Ottorino akasema. Bado alikuwa akisema na glasi. "Haikutawaliwa."

"Ingetawaliwa na nini? Canaiolo iko chini."

"Iko chini siku zote. Haijahama."

"Sikupewa."

"Hukuomba."

Nello akafungua kifungo cha koti lililombana. "Kila Septemba nilikuwa nakuona kutoka dirishani kwangu," akasema. "Unazipandisha darini. Kila mwaka nikisema, labda mwaka huu ataniletea."

"Sasa mimi divai yangu inahitaji kutawaliwa? Ilivyo laini hivyo?" Ottorino akainua macho kwa mara ya kwanza, na sauti yake haikuwa imara. "Nilikuwa nazianika za nani, bwege wewe? Makapu matatu, kila mwaka. Nikingoja ulete mdomo wako uombe."

"Zote hizo?"

"Zote."

"Ukazifanya nini?"

"Desemba nikawapa nguruwe."

Nello akamgeukia Zelinda. "Ulijua?"

"Nilimwona yeye akianika," Zelinda akasema, "na nikakuona wewe dirishani. Chumvi mlinituma. Msumeno mlinituma, daktari mlinituma. Hilo hakuna aliyenituma."

Baadaye, tulipokuwa tumeoana, nilimuuliza kwa nini hakusema tu, mwaka wa kwanza, akatuokolea sote muda. Aliniambia, "Ningesema mimi, kila mmoja angepatana na mimi." Nimeligeuza jibu hilo mara nyingi na sijaona pa kulipinga, ingawa miaka tisa ile ilikuwa yangu pia na bado inaniuma.

Lakini mezani pale hakuna aliyekuwa na hamu ya hekima. Nello alifuta uso kwa leso ya meza, uso mzima pamoja na macho. Akapiga chafya ya uongo. Kisha akasema, "Matatu ni mengi. Baba alitia mawili."

"Matatu," Ottorino akasema.

"Mawili, na kikapu kidogo kama mwaka ulikuwa wa mvua."

"Nani alikuwa anayabeba kwenye ngazi ile? Wewe? Wewe ulikuwa umeshika taa. Mgongo wangu unakumbuka, yalikuwa matatu."

"Mgongo wako unakumbuka unachotaka. Na zinapondwa kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martino, si baada yake."

"Baada."

"Kabla, Ottorino. Ulikuwa na miaka mingapi wewe? Ulikuwa bado unalia ukiona giza."

"Nililia kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unazima taa."

Mama akaniinamia sikioni. Magoti yake ni mabovu lakini masikio yake hayana neno. "Ivo, wanagombana?"

"Ndiyo, mama."

"Tuondoke?"

"Hapana, mama. Kula."

Wakaendelea. Walipita Novemba wakafika kwenye uzito wa kapu, wakapita uzito wa kapu wakafika kwenye siku ya kuchuma. Tambi zikapoa mbele yao. Ottorino alitaka chumvi, akanyoosha mkono mpaka mbele ya kaka yake akaichukua, na Nello akamwambia asiimalize. Sioni haya kusema kwamba mimi nililia, na mama yangu akanipa leso yake mbele ya watu kana kwamba nina miaka mitano.

Zelinda alikuwa amegeukia jiko ametupa mgongo, na mabega yake yalitikisika kidogo, kwa kicheko au kwa kilio, sijui, hajawahi kuniambia. Alipogeuka uso wake ulikuwa mkavu. Alipita nyuma ya kaka zake na sahani ya nguruwe bila kuwagusa, bila kuwakatiza, kama apitavyo mtu karibu na ndege waliotua. Akafika kwangu, akanipakulia, akainama.

"Kesho asubuhi nenda kwa padri ukatuandikishe," akaninong'oneza. "Wahi, kabla hawa hawajanyamaza."

Sikungoja kesho. Niliacha nyama kwenye sahani, nikashuka kijijini kwa miguu juani, na kofia nikaisahau. Padri alikuwa amelala usingizi wa mchana. Nilimwamsha.